Kuuza Ardhi ya Urithi Kigoma: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Arobaini ya baba ilikuwa haijasomwa, na tayari baba mdogo alikwisha kupokea advansi ya shilingi milioni mbili kwa mtu aliyekitaka kiwanja chetu cha Ujiji. Hakuwa na nia mbaya. Msiba uliacha madeni, na yeye ndiye aliyekuwa akikutana na wadai mlangoni. Lakini mwenye uwezo wa kukiuza kile kiwanja alikuwa ameshazikwa, na wa kushika nafasi yake alikuwa hajateuliwa na mtu yeyote. Pesa ikaliwa, mnunuzi akataka kiwanja chake, shangazi akagoma, nasi tukakaa mwaka na nusu tukichanga kuirudisha ile milioni mbili kabla hatujaweza kuuza chochote.

Kwa hiyo ukiyasahau mengine yote yaliyomo humu, shika huu mfuatano: pesa ya mnunuzi huja mwisho. Ukiiacha itangulie, hata kwa jina la advansi, kila hatua inayofuata inageuka ugomvi. Mimi ndiye niliyekuja kuwa msimamizi wa mirathi ya baba, na tangu hapo nimesindikiza ndugu na majirani kadhaa, wa mjini na wa Kasulu, kwenye makaratasi haya haya. Nayaandika kama nilivyoyapitia.

Hatua ya 1: Jua ardhi yenyewe ni ya namna gani

Kuna kiwanja kilichopimwa chenye hati, kuna kiwanja cha mjini ambacho hakijapimwa, na kuna shamba la kijiji. Viwili vya kwanza vinaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na shamba la kijiji linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo. Njia zake zinatofautiana, hivyo usifuate ushauri wa jirani aliyeuza shamba Buhigwe wakati wewe unauza kiwanja chenye hati Mwanga.

Tafuta kila karatasi aliyoiacha marehemu. Sisi tulifungua sanduku la bati la baba tukakuta hati ya mauziano ya mwaka 1983, imeandikwa kwa wino wa buluu kwenye karatasi ya daftari, ina dole gumba la muuzaji, na mpaka umetajwa hivi: "kutoka mwembe wa kwanza hadi mwembe wa pili." Mama akachukua fimbo, tukatoka naye nje. Mwembe wa kwanza ulikuwepo. Wa pili ulishakatwa zamani, na kisiki chake tulikikuta nyuma ya jiko la jirani, maana yake jiko lilikuwa limeingia kwetu kama hatua mbili. Jirani hakubisha, kwa sababu Mama alimwonyesha taratibu, bila kelele, na yeye mwenyewe aliikumbuka miti ile. Tulikubaliana mpaka mpya mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukaandika, wote tukasaini. Mambo haya yamalizeni mapema. Mnunuzi akikuta mpaka una mgogoro atashusha bei au ataondoka, na jirani akishajua mnauza, hatua zake mbili zitakuwa na bei pia.

Kama kuna hati, nakili namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, kisha omba upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Upekuzi utaonyesha jina lililosajiliwa, kama hati iliwekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Ofisi za ardhi za mikoa zilifunguliwa mwaka 2020, kwa hiyo mtu wa Kigoma analimaliza jambo hili mkoani kwake. Papo hapo uliza deni la kodi ya pango la ardhi. Watu wengi hufariki na deni la miaka, na uhamisho hauendi mpaka lilipwe.

Hatua ya 2: Cheti cha kifo

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na wilayani utakipata kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Kama marehemu alifia nyumbani, anzia kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa akupe barua. Angalia herufi za majina moja baada ya nyingine. Baba yetu kwenye hati ya mauziano aliandikwa jina la utani la ujana wake, na kwenye kitambulisho jina jingine, ikabidi tule kiapo cha majina kwa wakili. Kasoro kama hiyo ukiigundua siku ya kusaini mauzo, mnunuzi ataanza kukutilia shaka.

Hatua ya 3: Kikao cha familia

Hapa ndipo mauzo hufanikiwa au huharibika, na nakuomba usiharakishe. Kikao hiki hupendekeza jina la msimamizi wa mirathi na huorodhesha warithi na mali. Mahakama ndiyo inayomteua msimamizi. Hata hivyo hakimu atauliza muhtasari wa kikao, na muhtasari mbovu ndio chimbuko la mapingamizi mengi.

Andikeni tarehe na mahali. Andikeni jina la kila aliyehudhuria na uhusiano wake na marehemu. Andikeni warithi wote, hata aliye Dar es Salaam, hata aliye Kongo asiyepiga simu miaka kumi. Kila familia ina jina ambalo wakubwa hulitamka kwa kunong'ona: mtoto wa nje, mke mdogo aliyeachwa bila talaka ya wazi, mjukuu wa kaka aliyetangulia. Mwandikeni. Haki yake itaamuliwa na sheria inayotumika na, ikibidi, na mahakama. Kikao hakina mamlaka ya kumfuta mtu kwa kunyamaza. Nimeona shamba la ekari sita likirudishwa mezani kwa sababu mtoto mmoja wa kike aliyeolewa Uvinza hakutajwa popote.

Kisha orodhesheni mali na madeni, vyote viwili. Mwisho ndipo mpendekeze msimamizi. Chagueni mtu mwaminifu na mwenye nafasi ya kuzunguka ofisini; wengine huchagua mkubwa kwa umri tu, halafu faili linalala. Nilipotajwa mimi, baba mdogo alisema mbele ya watu, "Mwanangu, mwanamke atauzaje mali ya ukoo?" Shangazi ndiye aliyemjibu, "Hiyo mali ameiacha kaka yangu, na huyu ni mtoto wake."

Kwa wanaokutana na swali hilo mpaka leo: jibu lilitolewa na Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Muleba. Mwanamke alirithi ardhi ya ukoo kwa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mtoto wa kaka yake akaenda mahakamani kesho yake kutaka mauzo yafutwe kwa hoja kwamba mila hairuhusu mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya alikataa. Alisema mwanamke ana uwezo ule ule wa mwanamume, na wanaukoo wanaotaka ardhi ibaki ukooni wamrudishie mnunuzi bei aliyoinunulia. Sheria mbili za ardhi za 1999 zikaja kuandika kwa maneno ya wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima.

Hatua ya 4: Mahakamani

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ambayo sheria yake ni ya Kiislamu au ya kimila, na kwa wengi wa Kigoma huko ndiko kunakohusika. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, mirathi yake hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kulingana na ukubwa wa mali. Mahakama Kuu sasa ipo Kigoma yenyewe. Zamani watu walikuwa wakisafiri hadi Tabora.

Jambo linalowakosesha wengi: shauri hufunguliwa mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, hata kama ardhi iko kwingine. Kama mzee alihamia Dar es Salaam akaishi huko mpaka akafa, mirathi itafunguliwa huko hata kama kiwanja kiko Gungu. Na kama aliacha wosia, aliyetajwa kuusimamia bado anatakiwa kwenda mahakamani kwanza. Wosia mkononi haukupi ruhusa ya kuuza.

Peleka cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na vitambulisho. Utajaza Fomu Na. 1 ya maombi. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na tangazo hilo lisifichwe. Wapo wanaoomba libandikwe kimya kimya mahakamani ili ndugu fulani asijue. Huyo ndugu atajua siku moja, na siku hiyo ataomba uteuzi utenguliwe. Sisi tulilipiga picha tukalituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, tukawapigia simu wasiokuwemo.

Pingamizi lisipokuwepo, au likisikilizwa na kukataliwa, msimamizi ataapa, atasaini dhamana, na atapewa Fomu Na. 4, barua ya usimamizi. Kuanzia hapo, si kabla, yupo mtu anayeweza kuuza. Toa nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana kila ofisi itataka moja. Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili na hulazimiki kuwa na wakili. Ukihitaji kushikwa mkono, watafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Hatua ya 5: Mjane kwanza

Kabla ya kusema "mali ya marehemu ni hii", tenga kisichokuwa chake. Nyumba aliyoijenga na mkewe, shamba walilolifungua pamoja, humo mke ana sehemu yake kama mwanandoa, na sehemu hiyo haiingii kwenye mirathi. Baada ya kuitenga ndipo anarithi tena katika kilichobaki. Familia nyingi humpa mjane fungu lake la urithi peke yake na kuona wamemaliza. Mama yetu alipalilia michikichi ya shamba letu tangu ikiwa miche, nami sikukubali iandikwe kana kwamba aliikuta.

Kama jina la mjane limo kwenye hati pamoja na la mumewe, saini yake ni lazima. Hata lisipokuwemo, kama anaishi kwenye nyumba inayouzwa, mpeni maandishi ya wapi ataishi kabla mnunuzi hajaletwa. Na warithi walio chini ya miaka 18 hawawezi kuridhia chochote. Fungu lao litunzwe kwa jina lao na hakimu ajulishwe.

Hatua ya 6: Ni lazima kuuza?

Swali hili liulizeni kwa dhati. Shamba linaweza kugawanywa kwa mapande. Mrithi mmoja anaweza kuwanunua wenzake mafungu yao. Shamba la michikichi linalozaa linaweza kukodishwa na mapato yakagawanywa kila mwaka. Sisi tuliuza kiwanja cha Ujiji na shamba hatukuligusa, kwa sababu mawese yalikuwa yakimlisha Mama.

Kisheria msimamizi anaweza kuuza mali ya mirathi katika kutimiza kazi yake bila kukusanya saini ya kila mrithi. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema hivyo. Lakini mimi nakushauri uzikusanye. Karatasi moja ya ridhaa, yenye majina ya warithi, maelezo ya ardhi, bei ya chini inayokubalika na saini au dole gumba la kila mmoja, itakuokoa na miaka ya kesi.

Hatua ya 7: Hati iondoke kwenye jina la marehemu

Kwa kiwanja chenye hati, msimamizi huomba kwa msajili wa hati asajiliwe kama mwakilishi wa marehemu, akiambatisha barua ya usimamizi, cheti cha kifo na hati yenyewe. Wasiolijua hili husaini mkataba na mnunuzi, kisha uhamisho unakwama kwa sababu daftari la msajili bado linamtaja mtu aliyekwishafariki. Kusajiliwa huku hakukufanyi uwe mwenye mali. Unaishika kwa niaba ya warithi.

Kiwanja kisichopimwa hakina daftari hilo. Uthibitisho wako ni hati ya zamani ya mauziano, barua ya usimamizi, barua ya serikali ya mtaa na ushahidi wa majirani. Kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji wa makazi, fikirieni kupima kwanza. Gharama inarudi kwenye bei.

Hatua ya 8: Bei na mnunuzi

Tafuta mthamini aliyesajiliwa. Thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali ndiyo itakayoangaliwa kwenye kodi, na pia inanyamazisha minong'ono kwamba msimamizi kauza kwa bei ya kutupa. Dalali andikianeni naye: malipo yake ni kiasi gani, nani anamlipa, na lini. Asishike nyaraka halisi hata kwa nusu saa.

Mkoa wetu uko mpakani, na wanunuzi huja kutoka pande zote za ziwa. Asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kwa utaratibu wa sheria ya uwekezaji. Kwa hiyo omba kitambulisho cha NIDA cha mnunuzi mwenyewe. Akikuambia kiwanja kiandikwe kwa jina la shemeji yake Mtanzania, achana naye.

Msimamizi asijiuzie, wala asimuuzie mkewe au mumewe kimya kimya. Akitaka kununua kama mrithi, aseme kwenye kikao, bei iwe ya mthamini, na mahakama ijulishwe.

Hatua ya 9: Mkataba na malipo

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, na mbele ya wakili ni salama zaidi. Muuzaji aandikwe hivi: fulani, msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, ikifuatiwa na namba ya shauri la mirathi. Asiandikwe kama mwenye mali. Andikeni ukubwa, mipaka ya pande nne kwa majina ya majirani, na vilivyomo: nyumba, kisima, miti. Kama kuna mpangaji au ndugu anayeishi humo, andikeni tarehe ya kuondoka kwake.

Malipo yapite benki. Fungua akaunti ya mirathi, tofauti kabisa na yako. Usipokee taslimu. Usikubali nusu leo na nusu "mzigo wa dagaa ukiuzika" bila tarehe na bila kusema nini kitatokea akishindwa. Na funguo zitoke siku pesa yote inapoonekana kwenye akaunti. Ujumbe wa simu unaweza kughushiwa, hivyo nenda benki uulize mwenyewe.

Hatua ya 10: Kodi na uhamisho

Ardhi inapouzwa kuna kodi ya ongezeko la mtaji, inayomhusu muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Familia nyingi zenye ardhi ya urithi ziko hapo, kwa sababu nani ana risiti za mwaka 1983? Ardhi ya kilimo yenye thamani ya soko chini ya shilingi milioni 10, iliyolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia, imesamehewa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani na hubebwa na mnunuzi; kwa ardhi ya kilimo ni shilingi 500 tu. Viwango hivi hubadilishwa na bajeti, kwa hiyo kama mnauza baada ya Julai, pitieni TRA, mamlaka ya mapato, kwanza.

Msimamizi atahitaji TIN, namba ya mlipakodi. Malipo yote hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Anayekuomba umpe mkononi ili "asukume faili" mnyime.

Fomu za uhamisho wa kiwanja chenye hati ni tatu: Fomu ya Ardhi Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba kibali, na Na. 35, ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Zinasainiwa mbele ya wakili, zinawekwa picha za pande zote mbili, na huenda na mkataba, ripoti ya uthamini, stakabadhi za kodi ya pango na za TRA, na hati halisi. Weka nakala ya kila ukurasa kabla ya kukabidhi.

Shamba la kijiji

Huku hakuna Fomu Na. 29. Barua ya usimamizi bado ni lazima, ila kibali kiko kwa Halmashauri ya Kijiji. Mpeleke mnunuzi kwa mtendaji na mwenyekiti mapema, maana kijiji kina haki ya kujua anayekuja ni nani na atalitumiaje shamba, hasa kama si mwanakijiji. Ombi lijadiliwe kwenye kikao cha halmashauri, muhtasari uandikwe, nawe upate nakala. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa jioni nyumbani kwake, ni mwanzo wa kesi. Kama kuna hatimiliki ya kimila, mabadiliko yaandikwe kwenye masjala ya ardhi ya kijiji.

Pimeni shamba kwa kamba au kwa kifaa, majirani wote wakiwepo. Sisi Waha tunasema ekari kwa mazoea, na ekari ya mazoea inaweza kuzidi au kupungua sana. Hesabuni michikichi na mwandike idadi, kwa sababu wapo wanaouza ardhi wakidhani miti imebaki yao, na wanunuzi wanaodhani wamepata vyote. Mihogo ya ndugu iliyomo ivunwe kwanza, au tarehe ya mwisho ya kuvuna iandikwe.

Na makaburi. Vijijini tunazika kwenye ardhi yetu, na watu huona aibu kulitaja jambo hili mbele ya mnunuzi. Litaje. Kateni eneo la makaburi, lipimeni, litoeni kwenye mauzo, na mwandike njia ya kufikia kwa upana wake. Familia moja ya Kasulu niliyoisindikiza iliacha hatua 20 kwa 15 pamoja na njia ya mkokoteni, na mnunuzi hakulalamika hata kidogo. Alisema na kwao iko hivyo.

Kugawa

Tuseme kiwanja kimeuzwa milioni 26, na marehemu alikuwa Mwislamu aliyeacha mke, wana wawili na mabinti watatu, wazazi wake walishatangulia, na sehemu ya mke kama mwanandoa imekwisha kutengwa. Kodi ya asilimia 3 ni 780,000. Madeni ya marehemu na gharama za mirathi, tuseme 1,220,000. Zimebaki milioni 24. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, milioni 3. Milioni 21 zinazobaki zinagawanywa mafungu saba, kila mwana mafungu mawili na kila binti moja: wana milioni 6 kila mmoja, mabinti milioni 3 kila mmoja. Madeni hutoka kwanza siku zote, na wasia wa Mwislamu hauzidi theluthi.

Lipa kila mrithi kwa benki au asaini alipopokea, mbele ya mashahidi. Fomu Na. 5 ya orodha ya mali na madeni inatakiwa mahakamani ndani ya miezi minne tangu uteuzi. Ukiona muda hautoshi, omba uongezewe kabla haujaisha. Hesabu za mapato na matumizi huenda kwa Fomu Na. 6, na baada ya mgawo omba shauri lifungwe rasmi.

Ikiwa imeshauzwa vibaya

Ndugu akiuza bila kuteuliwa, usianze kwa kumfukuza mnunuzi kwa panga. Peleka malalamiko kwa maandishi serikali ya mtaa au ya kijiji, na kama kuna hati, weka zuio kwa msajili. Kama msimamizi yupo ila anaficha pesa, rudi kwenye mahakama ile ile iliyomteua ukaombe atoe hesabu au aondolewe. Ikiwa mgogoro ni na mtu wa nje aliyekalia ardhi, baraza la kata hupatanisha tu siku hizi, na ikishindikana ndani ya siku 30 ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikae. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi aliyokuwa akiikalia marehemu hesabu huanza siku aliyofariki.

Nasi tulivyomaliza: yule wa advansi alirudishiwa pesa yake mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akasaini kwamba hana tena anachotudai. Miezi saba baadaye kiwanja kikauzwa kwa mtu mwingine kwa bei iliyozidi ile ya kwanza, na baba mdogo alikuwa shahidi namba mbili kwenye mkataba. Mnunuzi yule alinipigia mwaka jana, akitaka nakala ya barua ya usimamizi kwa ajili ya mkopo wa benki. Nilikuwa nayo kwenye bahasha. Bakizeni angalau nakala tatu.